Mpimaji wa Kromu

Kwa Mpimaji hukupeleka kitu ulichokipenda. Ulipeleka kitu ulichoanza kukishuku. Watu wa Malaba walilijua hilo, na ndiyo maana kijana wa boda boda aliyenunua baiskeli mpya, usukani unang'aa mpaka anaona meno yake mwenyewe, alipopita mbele ya mlango ule alikanyaga pedali kwa nguvu zaidi, kana kwamba yule mzee angeweza kumwangalia tu kupitia dirishani na baiskeli ikazeeka.

Sitasema alizaliwa wapi wala alikuwa mwana wa nani. Alikuwa mtu wa mpakani, jamaa zake nusu huku na nusu kule. Kazi yake ilikuwa kupima unene wa vitu vyembamba, na sisemi bati wala ubao. Alipima ile ngozi ya kromu inayopakwa juu ya chuma cha baiskeli ili kisishike kutu. Huwezi kuishika kwa vidole wala kuikunja. Chukua unywele mmoja wa kichwa chako, uupasue kwa upana mara mia mbili, kipande kimoja kitakachobaki ndicho kinachokaribiana nayo.

Mara ya kwanza nilimwuliza ni nani duniani anayehitaji kujua kitu kama hicho.

"Mwenye baiskeli," akasema. "Ila hataki."

Mimi nilikuwa mtu wa kupita. Shule niliiacha darasa la sita, si kwa kukosa akili, bali kwa kukosa kutulia. Nimekuwa taniboi wa malori, nimepakia mahindi Amukura, nimechuuza samaki kutoka Port Victoria mpaka nguo zangu zote zikanuka ziwa. Malaba nilifika na lori lililokwama kwenye foleni ya forodha. Nikachoka kungoja, nikashuka. Katika miaka ile ya tisini niliondoka na kurudi sijui mara ngapi, na kila niliporudi nilienda kwake kwanza, kabla hata ya kutafuta pa kulala. Alikuwa mtu pekee niliyemjua ambaye ukimwuliza swali fupi alikupa jibu refu.

Mashine yake ilikuwa hadubini, ya chuma cheusi, nzito kama mtoto wa mwaka mmoja. Watu waliiita mashine ya macho. Haikuwa yake. Ilikuwa mali ya kiwanda cha vipuri vya baiskeli upande wa Jinja, alikofanya kazi chumba cha upimaji tangu ujana. Vita vilipofika huko na watu wakaanza kubeba hata milango ya kiwanda, yeye aliifunga mashine ndani ya blanketi, akaiweka nyuma ya baiskeli, akaja nayo mpaka Malaba. Wenzake walibeba mota na magunia ya sukari ya kantini. Walipomwona na ule mzigo walimwuliza kama amembeba nyanya yake mgonjwa.

"Nimeitunza tu," alikuwa akisema. "Kiwanda kikifunguliwa naipeleka."

Alisema hivyo kwa miaka mingi, kwa sauti ile ile, kama mtu aliyeazimwa jembe na jirani. Nadhani hilo ndilo jambo la kwanza la kuelewa kuhusu yeye. Hakujiona mkimbizi wala fundi wa mtaani. Alijiona mtu aliye kazini, ambaye kwa sasa amekaa mbali kidogo na kazi.

Namna mashine ile ilivyofanya kazi alinieleza mara nyingi, na kila mara nilimwomba anieleze tena. Mwanga unaingia mmoja, kisha unagawanyika. Nusu inashuka kwenye chuma chako, nusu inakwenda kwenye kioo kidogo kilichomo ndani ya mashine, kioo kilichonyooka kuliko kitu chochote alichowahi kukijua. Nusu zote mbili zinarudi na kukutana. Mahali ambapo safari zao zimelingana, zinaongezana nguvu. Mahali ambapo moja imechelewa kidogo, zinazimana. Kwa hiyo ukiweka jicho unaona mistari, mweusi na wa manjano, mweusi na wa manjano, imelala sambamba.

Niliiona. Ilifanana na matuta ya viazi kule Moding ukiyaangalia ukiwa juu ya gunia kwenye lori. Na pale ambapo kromu inaishia na chuma cha chini kinaanza, matuta yalikatika ghafla, yakaendelea upande wa pili yakiwa yamesogea. Alichokuwa akipima ni kusogea kule. Tuta likisogea nusu ya nafasi, unene ni kiasi fulani. Likisogea nafasi nzima, ni mara mbili yake.

"Sasa hapo umepima kitu ambacho huwezi kukiona?" nilimwuliza.

"Nimepima safari ya mwanga. Kitu chenyewe sijakiona, na wewe hujakiona. Tumeona tu kwamba mwanga ulichelewa njiani."

Tatizo la biashara yake lilikuwa moja. Ili mistari ikatike lazima pawe na ngazi, na ngazi lazima uitengeneze. Alitafuta mahali palipo bapa kwenye kipuri, akapaka rangi ya kucha za akina mama ikauka, akaacha nafasi ndogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Pale akadondosha asidi ile ambayo mafundi wa bati hutumia kabla ya kulehemu. Kromu ikatoweka, akaosha, akabandua rangi. Ngazi ikawa tayari. Lakini pale palibaki alama milele, na pale ndipo kutu ingeanzia.

Siku moja alikuja mwanaboda mmoja mwenye kengele mkononi, na rafiki yake nyuma.

"Mzee, niambie kama hii ni kromu ya ukweli ama ni ile ya kupakwa na mate."

"Nitaitia alama."

"Alama ya nini tena? Wewe si una mashine? Angalia tu."

"Kung'aa naona hata bila mashine. Mimi nataka unene."

"Lakini utaniharibia!"

"Bila kukwaruza sijui kitu, bwana. Nitakudanganya."

Rafiki akacheka mpaka akashika ukuta. "Mpelekee na bibi yako akapimwe mapenzi! Utarudi nyumbani na makovu!"

Mwenye kengele aliirudisha mfukoni. "Wacha tu, mzee. Bora ilie."

Wengi walikuwa hivyo. Walikuja na shaka na kuondoka nayo, na yeye hakuwabembeleza. Wachache waliokubali kukwaruzwa aliwapa jibu bila sukari: hii itashika kutu mvua ya masika, hii imepakwa kama dawa ya kikohozi kwenye kijiko kilicholambwa. Hakujua kusema neno la kumwachia mtu tumaini. Nilimwambia mara moja kwamba angeweza kusema, "Ukiitunza, itakaa." Akanikodolea macho kama niliyemwomba aibe.

Hakuwa mtu wa kupatia kila mara, na hilo nalo ni lazima niliseme. Mwanga wake ulikuwa wa manjano mtupu, na katika mwanga huo mistari yote hufanana. Ukiona mstari umesogea nusu nafasi, huwezi kuapa kwamba haujasogea nafasi nzima na nusu. Wakati wa kiwanda alikuwa na taa nyingine, nyeupe, iliyomwonyesha mstari mmoja wa katikati ulio tofauti na mingine, akajua pa kuanzia kuhesabu. Taa hiyo iliungua siku nyingi. Basi aliwahi kumwambia mkaanga chapati mmoja kwamba rimu za baiskeli yake hazitafika Krismasi. Krismasi ikapita, na nyingine ikapita, rimu ziko vile vile. Yule bwana akawa kila asubuhi anapunguza mwendo mbele ya mlango wa Mpimaji na kupiga kengele ndefu isiyo na sababu. Mpimaji alitoka na kusimama mlangoni kila ilipolia, kofia mkononi. Nilimwuliza kwa nini asikae tu ndani.

"Nilikosea nafasi moja nzima," akasema. "Wacha apige."

Kuhusu ile taa yake ya manjano kuna kisa ambacho Malaba yote ilikipenda. Mpimaji alikuwa mlokole. Hakuvuta, hakunywa, na Jumapili alisimama kanisani kutoa ushuhuda mrefu kuliko mahubiri. Lakini kila wiki alionekana nyuma ya maegesho ya malori, kwa mama mmoja mpika chang'aa, akinunua chupa. Na hakununua yoyote tu. Alitaka ile ya kwanza kabisa kutoka kwenye mtungi, kali, na kabla ya kuipokea aliimwaga kidogo kwenye kijiko na kuiwasha. Isipowaka aliirudisha.

"Huyu ndiye mlevi anayejua," walevi walisema kwa heshima.

Kanisa likatuma wazee wawili. Wakamkuta chumbani, mlango umefungwa, chupa mezani, uso umeinama. Ilikuwa taa yake tu. Balbu ya mashine ilikuwa imekufa, kwa hiyo alichoma chang'aa kwenye kitaa kidogo na kulowesha utambi kwa maji ya chumvi, kwa sababu chumvi ikiungua hutoa manjano safi, na manjano hayo ndiyo yanayochora mistari. Aliwaeleza wazee yote, tangu mwanga unavyogawanyika. Walisikiliza mpaka mwisho. Kisha wakamwombea, wakaiombea na chupa.

Lakini mtu huyu huyu aliyedharau kung'aa alikuwa na viatu vyeusi vilivyong'aa kuliko vya chifu. Alivipaka rangi Jumamosi yote, akavisugua kwa kitambaa, akavitemea mate, akarudia. Nilimwuliza rangi hiyo ina unene gani.

"Viatu ni vya Jumapili," akajibu, na alikuwa amekasirika kidogo.

Alikuwa na tabia ya kusimama popote penye kitu chembamba. Utandu wa maziwa juu ya chai ulimchelewesha. Chai ilipoa akiuangalia unavyojikunja. Baada ya mvua alinivuta mkono twende maegeshoni, mahali matangi ya mafuta yalipovuja juu ya madimbwi. Alichutama kando ya dimbwi, mikono magotini, na kunionyesha: pale pekundu mafuta ni mazito kidogo, pale pa buluu yamepungua, na pale palipo kama pa kijivu, karibu peusi, yamekuwa membamba kuliko kitu chochote, yanakaribia kwisha.

"Boss, umepoteza nini kwa matope?" dereva mmoja alimpigia kelele akiwa dirishani.

"Sijapoteza. Nasoma."

"Ukimaliza kusoma unisomee na mimi! Nataka kujua forodha watanifungulia lini!"

"Hiyo hapa haijaandikwa," Mpimaji akasema bila kuinua kichwa, na madereva wote wakacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa amejibu tu.

Kitu pekee alichokishika kwa hofu kilikuwa kile kioo cha ndani ya mashine. Kilikuwa kidogo kama kifungo cha shati. Kioo cha kinyozi, alinieleza, fedha yake imepakwa nyuma, imejificha. Ukikisugua unasugua glasi tu. Hiki fedha yake iko mbele, uchi, na ni nyembamba kama kromu yenyewe. Hakiguswi kwa kidole. Hakiguswi kwa kitambaa hata kiwe cha hariri. Hata pumzi humdhuru, alisema, akisema "humdhuru" kana kwamba ni mtu. Nacho kilikuwa kinaugua. Unyevu wa ziwa na moshi wa malori vilikuwa vimekipaka madoa ya kahawia, na kila mwaka mistari ilififia zaidi. Alikitoa mara kwa mara na kukilaza katika kijisanduku chenye mchele uliokaangwa mkavu, ili mchele unyonye unyevu. Hakuwa na dawa nyingine.

"Kitafika?" nilimwuliza.

"Kifike wapi?"

"Mpaka kiwanda kifunguliwe."

"Kinahitaji kufika siku hiyo moja tu," akasema.

Alipanga chumba kwa mama mmoja Mteso, mjane, mwenye vyumba vichache nyuma ya maegesho. Nitamwita Mama Mwenye Nyumba kwa sababu sote tulimwita hivyo. Alikuwa mkarimu na mwenye kelele, na ugonjwa wake ulikuwa usafi. Sufuria zake zilianikwa juani migongo juu, na mgongo wa sufuria yake ungeutumia kama kioo cha kunyolea ndevu. Siri ilikuwa majivu. Aliyachekecha kwa leso, akayachanganya na mchanga laini wa mtoni, akatia ndimu, akasugua kwa waya mpaka jua likawa ndani ya sufuria. Akina mama wa mtaa ule walishindana kwa jambo hilo, na yeye hakuwahi kushindwa.

Alimpenda Mpimaji kwa namna ya kumgombeza. "Baba, utakufa na hilo dude lako. Kula." Naye Mpimaji, aliyekuwa mkavu kwa kila mtu, kwake alikuwa laini. Alikula alichopewa. Alimwambia ugali umeiva hata ulipokuwa na madonge. Miaka yote alimwomba jambo moja: asiguse mashine. Na miaka yote hakuigusa. Alifagia kuizunguka kama mtu anayefagia kando ya kaburi.

Kisha habari ikaja. Dereva wa lori aliileta kwa mdomo kutoka Jinja: kiwanda kimepata wenyewe wapya, wanasafisha majengo, wanatafuta watu wa zamani wanaojua kazi. Wamesikia kuna mtu Malaba aliyeokoa mashine ya chumba cha upimaji. Meneja wao atapita mpakani Alhamisi. Akiona mashine inafanya kazi, inarudi, na mzee anarudi nayo kwenye kiti chake.

Sijawahi kumwona mtu akiwa vile. Hakufurahi, aliogopa. Alipasi suruali mara mbili. Alipima kengele ile ile moja ya zamani asubuhi na jioni kuhakikisha mistari bado ipo. Ilikuwepo, hafifu, kama matuta ndani ya ukungu, lakini mtu anayejua angeiona. Hilo tu ndilo alilolitaka: mtu anayejua ainame, aone. Alhamisi asubuhi alikitoa kioo, akakilaza kwenye mchele wa moto kikauke vizuri, akaacha kijisanduku wazi juu ya meza karibu na dirisha. Tukaenda yeye na mimi getini kumpokea mgeni.

Tulisimama pale muda mrefu. Mgeni alipovuka, alikuwa mtu wa makamo, mpole, amevaa miwani, na alimsalimia Mpimaji kwa mikono miwili. Njiani waliongea habari za vyumba vya kiwanda, nani amekufa, nani yuko. Mgeni alisoma kazi hiyo hiyo ng'ambo, alijua mistari. Nilimwona Mpimaji akinyooka mgongo hatua baada ya hatua.

Chumba kilikuwa kimefagiliwa. Kulikuwa na kitambaa cha kufuma mezani, na chai, na mandazi. Mama Mwenye Nyumba alisimama mlangoni amevaa gauni lake la kanisani, anatabasamu kama anayeficha zawadi.

Mpimaji alikwenda kwenye kijisanduku. Nilikuwa kando yake. Kioo kilikuwa pale pale kwenye mchele, na nilidhani nuru ya dirisha inanichezea, kwa sababu niliona punje za mchele upande wa pili. Niliziona kupitia ndani yake. Fedha yote ilikuwa imeondoka. Na juu ya glasi, ukikigeuza kwenye mwanga, kulikuwa na michirizi midogo midogo ya mviringo, mamia yake, ile ile iliyo kwenye mgongo wa sufuria.

Mama hakuwa amegusa mashine. Alitii. Hicho kilikuwa kioo tu, kichafu, kimesahauliwa mezani, na nyumba inangoja mgeni.

Mpimaji alikirudisha kioo mahali pake ndani ya mashine kwa uangalifu ule ule wa siku zote, akawasha taa ya chumvi, akaweka kengele, akasogea kando. Mgeni akainama. Alikaa hapo akizungusha vifundo vya mashine kwa vidole. Aliinua kichwa, akafuta miwani, akainama tena. Kisha akakitoa kile kioo mwenyewe na kukishikilia dirishani.

"Nani amesafisha hii kioo?" akauliza. Kiswahili chake kilikuwa cha Kampala, lakini swali lilieleweka na kila aliyekuwemo.

Nyuma yetu Mama Mwenye Nyumba akavuta pumzi ya kujibu.

"Mimi," akasema Mpimaji.

"Wewe?"

"Mimi."

"Na nini?"

"Majivu."

Mgeni hakuwa mtu mbaya. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetafuta njia ya kuondoka bila kumwumiza mwenzake. Fedha ingeweza kupakwa upya mahali fulani, hilo Mpimaji mwenyewe aliniambia baadaye. Glasi iliyochorwa na mchanga hairudi, lakini hata kioo kipya kingeweza kuagizwa. Kilichokuwa hakiagiziki ni mpimaji. Mtu wa chumba cha upimaji anayesugua kioo cha kupimia kwa majivu huwezi kumrudisha kwenye kiti chake. Ni kama dereva anayekuambia huwa anaendesha akiwa amefumba macho.

"Pole, mzee," mgeni akasema. "Umeitunza siku nyingi." Akanywa chai yote, kwa heshima. Mashine hakuichukua. Alisema labda watatuma mtu, na sote tulielewa.

Alipoondoka, Mama Mwenye Nyumba aliingia akiwa amejishika kiuno.

"Sasa wewe, baba, una mambo! Mimi nimesugua mpaka mkono unauma, halafu mgeni anauliza, unasema ni wewe! Wanaume nyinyi! Hata majivu mnaiba!"

"Nisamehe, mama," akasema.

"Ilikuwa chafu hiyo! Madoa madoa! Ningeacha mgeni aone?"

"Ahsante, mama."

Kuanzia siku hiyo alimruhusu aguse mashine.

Watu husema mtu akikosa tumaini huvunjika mara moja. Yeye hakuvunjika. Aliendelea kuamka, kupaka viatu Jumamosi, kusimama kwenye madimbwi. Lakini hakupima tena, kwa kuwa hapakuwa na cha kupimia, na mtu akija na kipuri chake alimwambia tu kwamba mashine imezeeka. Alianza kuziba pancha za baiskeli mbele ya nyumba. Ule msemo wake wa kungoja kiwanda haukutoka tena kinywani mwake. Kiwanda chenyewe nilisikia kilifunguliwa, kikatengeneza vitu vingine kabisa.

Mara ya mwisho nilipopita Malaba ilikuwa mwishoni mwa miaka ile, nimetoka Port Victoria na magunia ya omena. Nilimkuta ndani, amelala kitandani mchana, amekonda hivi kwamba blanketi lilikuwa karibu tambarare. Kifua, walisema. Mashine ilikuwa mezani chini ya kitambaa cha kufuma, na kila chuma chake kiling'aa. Rangi nyeusi ilikuwa imeisha kwa kusuguliwa. Chuma kilikuwa wazi.

Tulikuwa wawili tu. Nilimwuliza swali nililokuwa nimelibeba miaka ile yote: kwa nini hakusema. Mama angeelewa. Mgeni angeelewa. Pengine sasa angekuwa Jinja kwenye kiti chake.

"Pengine," akasema.

Nikadhani amemaliza. Alikohoa, akageuza uso ukutani, akaugeuza tena.

"Nimekwaruza vitu vya watu maisha yangu yote nijue chini kuna nini. Ulitaka nimkwaruze na yeye?"

"Lakini hata baadaye, mzee. Hata sasa."

"Sasa ndiyo zaidi."

Mama Mwenye Nyumba aliingia na sahani ya majivu, leso begani. Alikuwa amezeeka pia, mgongo umepinda, macho yana utando. "Yoga," akanisalimia kwa Kiteso, kisha akanisahau, kwa maana ilikuwa Jumamosi na alikuwa na kazi. Aliondoa kitambaa. Akafungua mashine kwa mkono uliozoea, akakitoa kile kioo kidogo, akakipaka majivu na ndimu, akaanza kusugua kwa kidole gumba.

"Huyu alinidhulumu mbele ya mgeni," akaniambia, akicheka. "Nimesugua mimi, akasema ni yeye. Amekuambia?"

"Ameniambia, mama."

"Alikubali kosa?"

"Alikubali."

Mchanga ulilia juu ya glasi, sauti nyembamba. Mpimaji aliisikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja, kama alivyokuwa akifanya zamani akiwa kwenye mashine, na hakuondoa macho kwenye kile kidole. Mama alikiosha kioo kwenye kikombe, akakipangusa kwa leso, akakileta mpaka kitandani na kukishikilia mbele ya uso wake, karibu, ili asijisumbue kuinuka.

"Inang'aa, baba?"

Alikigeuza huku na huku, na kioo kikakamata dirisha na kuliachia, kikalikamata tena.

"Inang'aa," akasema Mpimaji.